Mhadhiri Anajuaje Kwamba Ameeleweka?

Mhadhara kwa umma, Watamu, Kaunti ya Kilifi



Chuo kikuu cha umma chenye makao yake katika kaunti yetu ni Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi mjini, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka hapa. Kilianza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, kikarithi viwanja na majengo ya Taasisi ya Kilimo ya Kilifi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Kimejengwa pwani na kimeitwa Pwani, lakini wanafunzi wake ni wa Kenya nzima. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kazi ya kuwagawa watahiniwa vyuoni hufanywa na KUCCPS, iliyochukua nafasi ya ile Bodi ya Pamoja ya Udahili ya zamani. Kijana huandika machaguo yake, alama zake za mtihani wa kidato cha nne (KCSE) hulinganishwa na za wenzake wa nchi yote, na mtambo unaompangia nafasi haumwulizi kama amewahi kuiona bahari. Ndiyo maana ukumbi mmoja wa mwaka wa kwanza unaweza kuwa na Mgiriama wa Ganze, Mkisii wa Nyamira, Msomali wa Garissa, Mbajuni wa Lamu, Mturkana wa Lodwar, na Mkikuyu aliyezaliwa Mpeketoni ambaye hajui ajiite mtu wa bara au wa pwani. Anayesimama mbele yao naye ana kwao, ana lugha ya mama na ana dini, hata kama wasifu wake wa kitaaluma hauyataji hayo.

Ninalouliza jioni hii ni hili: mtu huyo anayesimama mbele ana imani gani kwamba anaweza kuwafundisha wote hao, na imani hiyo ameipata wapi? Hoja yangu ni moja. Kule kujiamini tunakokusifu kwa kawaida, yaani mhadhiri kutulia na kuchangamka mbele ya wanafunzi wa kila namna, kuna thamani ndogo kuliko tunavyodhani. Kujiamini kwenye thamani ni kule kunakosimama juu ya ushahidi kwamba wanafunzi, wale wanaofanana naye na wale wasiofanana naye, wameelewa. Na vyuo vyetu vimepangwa kwa namna inayomnyima mhadhiri ushahidi huo hadi muda wa kuutumia uwe umekwisha.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha makala yaliyofungua uwanja mzima wa utafiti kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo fulani. Alizungumzia jambo fulani mahususi, wala si ujasiri wa jumla wa mtu asiyeona haya. Alisema imani hiyo hutoka katika chemchemi nne: kulifanya jambo lenyewe ukafanikiwa, kumwona mtu aliye kama wewe akilifanya, kuambiwa na unaowaheshimu kwamba unaweza, na hali ya mwili na moyo wako unapolikabili. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine. Mtu aliyevuka mlango wa bahari mara nyingi kwa chombo chake hahitaji kutiwa moyo, anajua. Waliomfuata Bandura waliipeleka hoja hiyo darasani, na ikawa kawaida kusema kwamba mwalimu anayeamini anaweza humvumilia zaidi mwanafunzi anayesuasua na hujaribu njia nyingi zaidi kabla ya kukata tamaa. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu unaanzia kwenye swali la kipi hasa kinachoaminiwa.

Mwaka 2007 msomi wa Marekani Kamau Oginga Siwatu alichapisha kipimo chenye vipengele 40 cha kujiamini kwa walimu walio mafunzoni katika kufundisha madarasa yenye tamaduni nyingi. Majibu yalikuwa na mpangilio wake. Walijiamini zaidi katika kumfanya mwanafunzi ajione ni mtu muhimu darasani na katika kujenga uhusiano mwema naye. Imani yao ilipungua ilipofika zamu ya kuwasiliana na wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hao walikuwa walimu wanafunzi wa Marekani, si wahadhiri wa Kilifi, na sitaki kuyabebesha majibu yao mzigo usio wao. Lakini mpangilio ule unafundisha. Imani ilikuwa juu pale ambapo kazi ni ya moyo mwema na hakuna anayeipima. Ilishuka pale ambapo ufundishaji wenyewe unafanyika, kwenye lugha, ambako mtu akishindwa huonekana. Kama mpangilio huo ni wa kibinadamu na si wa Kimarekani tu, basi mhadhiri anayesema kwamba hana shida na wanafunzi wa kabila lolote huenda anasema kweli kabisa kuhusu moyo wake, na asiwe ametueleza chochote kuhusu kazi yake.

Wahadhiri wetu, kwa kweli, ni hodari wa moyo mwema. Kuna wanaoweza kusalimu kwa Kigiriama, Kiluo, Kikamba na Kisomali ndani ya dakika moja, na ukumbi ukaangua kicheko. Hilo ni jema, tena ni adabu. Ila salamu haimwonyeshi mhadhiri nani amepotea kwenye mlinganyo wa tatu. Watazameni vijana wanaotembeza wageni kwenye ufuko wetu hapa. Wengi wanazungumza Kiitaliano ambacho hawakukisoma shuleni, na wanakitumia kwa kujiamini. Lakini kujiamini kwao kumepitia tanuri: kila walipokosea, mgeni alikunja uso, akauliza tena, au akaenda zake na pesa zake. Jibu lilikuja pale pale, mara elfu. Mhadhiri hapati jibu la namna hiyo. Mwanafunzi asiyeelewa hainuki akaondoka. Huinamisha kichwa akaandika. Katika vyuo vyetu vingi majaribio ya katikati ya muhula (CAT) hubeba alama 30 kwa 100, na mtihani wa mwisho 70. Karatasi za mtihani huo husahihishwa wanafunzi wakiwa wamerudi makwao, na muhula unaofuata mhadhiri hukabidhiwa sura nyingine. Kile ambacho Bandura alikiita chemchemi kuu, yaani kujua umefanikiwa kwa sababu umeona, kimezibwa na ratiba.

Kuna tofauti nyingine ambayo wazazi mnaifahamu ila labda hamkuwahi kuitazama kwa upande huu. Mwalimu anayemfundisha mwanenu Gede kwenye shule ya sekondari lazima awe amesomea ualimu, awe ametazamwa akifundisha, na awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Mhadhiri atakayempokea kijana huyo huyo miezi michache baadaye hadaiwi usajili huo; sifa inayotangulizwa kwake ni shahada ya uzamifu, ambayo huthibitisha kwamba anaweza kutafiti. Tumemwandaa vizuri sana kujua na tumemwacha ajifunzie kufundisha njiani. Si ajabu basi kwamba anategemea kile alicho nacho: umahiri wa somo, uchangamfu, na kumbukumbu ya jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa. Kumbukumbu hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliofaulu kwa njia ile.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanasayansi, nami nimelisikiliza kwa makini kwa sababu lina ukweli ndani yake. Watasema kemia ya Kilifi ni kemia ya Kitale, na mlinganyo hauna kabila. Sawa, mlinganyo hauna. Mlango wa kuuingilia unao. Chukueni somo la takwimu, ambalo watu huliona kavu kuliko yote. Vitabu vingi vya kufundishia uwezekano huanza na pakiti ya karata: karata 52, rangi mbili, aina nne, na swali la kuchomoa shupaza bila kutazama. Mwanafunzi aliyekulia nyumba ya Kiislamu yenye msimamo, au ya Kisabato, ambako karata ni mchezo wa kamari usioingizwa ndani, lazima kwanza ajifunze karata ndipo ajifunze uwezekano, huku mwenzake akiwa ameshafika swali la tano. Mhadhiri akisahihisha ataona udhaifu wa hesabu. Hakuna aliyemdhulumu mtu kwa makusudi, na mhadhiri huyo anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote chuoni.

Au chukueni somo la ikolojia ya mikoko, ambalo kwa chuo cha pwani ni somo la nyumbani. Kijana wa Dabaso aliyekua akipita kando ya hori ya Mida anatofautisha mkoko na mchu, mkandaa na mlilana. Anajua bamvua na maji mafu, na anajua saa ambayo haifai kuvuka. Huenda hajui kwamba huo ni ujuzi wa kisayansi, kwa kuwa karatasi ya mtihani inataka Rhizophora mucronata na Avicennia marina, wala haina nafasi ya neno alilopewa na babake. Mwenzake wa Lodwar ameyakariri majina ya Kilatini barabara, lakini hajawahi kuona maji yakipwa, na kila sentensi inayoanza na kupwa na kujaa kwake ni maneno matupu. Nani mwanafunzi wa kawaida hapo, na nani mwenye mahitaji maalumu? Muhula ujao wakifika kwenye ufugaji wa nyanda kame, viti vinabadilishwa: kijana wa Lodwar ndiye mwenyeji, wa Dabaso ndiye mgeni. Hapo ndipo ninapotofautiana na semina nyingi za mambo haya, zinazomchora mwanafunzi mmoja wa kawaida na pembeni yake kikundi kidogo cha wale tofauti. Katika chuo cha Kenya kila mmoja ni mgeni katika somo fulani. Kazi ya mhadhiri ni kujua leo ni zamu ya nani.

Lugha ndiyo inayotaka tukae nayo zaidi. Majirani zetu wa Tanzania wametangulia katika mjadala huu kwa miongo kadhaa. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walitoa ripoti kuhusu hali ya Kiingereza katika mfumo wa elimu wa Tanzania, na wakakuta kwamba wengi wa wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima hawangeweza kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Cha kujiuliza ni kwamba wahadhiri walikuwepo muda wote huo wakihadhiri, mitihani ikifanywa na shahada zikitolewa. Baadaye wasomi kama Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kwa kirefu jinsi mwanafunzi anavyoweza kuandika maelezo ya mwalimu, kuyakariri na kuyarudisha kwenye karatasi bila kuyaelewa. Mwalimu anapokea maneno yake mwenyewe, anayatambua, na anaridhika. Mtu anayesomewa sauti yake mwenyewe hawezi kujua kama amesikiwa.

Kenya tunajitapa kwamba Kiingereza chetu ni bora, na huenda ni kweli kwa wastani, lakini hakuna anayemfundisha wastani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Darasani kugawana kazi kwa lugha hizo mbili kunajulikana na kila komredi: maudhui kwa Kiingereza, mzaha kwa Kiswahili. Mhadhiri hueleza dhana ngumu kwa Kiingereza cha kitabu, kisha hulegeza ukumbi kwa kisa cha Kiswahili, mara nyingi Kiswahili cha Nairobi chenye Sheng ndani yake. Ningependa mgawanyo huo ugeuzwe. Mzaha na ubaki kwa lugha yoyote, lakini dhana ngumu irudiwe kwa Kiswahili, polepole, halafu mwanafunzi aieleze kwa maneno yake kabla hajadaiwa istilahi. Wala nisiseme kana kwamba Kiswahili ni dawa ya wote. Kijana wa pwani anakimiliki. Wa bara huogopa kufungua kinywa hapa Kilifi kwa sababu akikosea ngeli wenyeji watamcheka, na watamcheka kweli, tuache unafiki. Kwa wa Lodwar lugha zote mbili ni za kujifunza. Kinachosaidia ni ile desturi ya mhadhiri kusimama na kuuliza: hebu nieleze wewe.

Kwa maana hiyo kimya cha mwanafunzi ni jambo la kutafiti, si la kufasiri kwa kukisia. Binti aliyefunzwa nyumbani kutobishana na mkubwa wake, kijana anayetafsiri swali kichwani na kuchelewa kwa sekunde kumi, na mwingine ambaye hakusoma tu usiku wa kuamkia leo, wote watatu wananyamaza kwa namna inayofanana. Mhadhiri anayejiamini kupita kiasi huchagua tafsiri moja na kuendelea. Ratiba nayo ina lugha yake. CAT ikipangwa Ijumaa saa saba mchana au mtihani Jumamosi asubuhi, Mwislamu wa Malindi na Msabato wa Nyamira wanajifunza jambo kuhusu chuo ambalo hotuba ya kuwakaribisha haikulisema, ijapokuwa kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wao wa kuabudu. Hilo lakini ni jepesi kurekebisha, siku moja ofisini inatosha, na sitalikawilia.

Pingamizi la pili ni la kwetu wapwani, na mnalijua: ajirini wahadhiri wa hapa, watawaelewa watoto wetu. Dai hilo lina haki yake katika mizani ya ajira. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya waajiriwa wake kutoka jamii moja, na Tume iliyoundwa na sheria hiyo ilipokagua vyuo vikuu vya umma ilikuta vingi vimeegemea jamii ya eneo au ya wakuu wake. Lakini tukisema kwamba mwenyeji ataelewa kwa kuwa ni mwenyeji, tunarudia kosa lile lile la kuhesabu moyo badala ya kazi. Mgiriama aliyesoma shule ya bweni ya kitaifa tangu kidato cha kwanza anaweza kuwa mbali na kijana wa Bamba kuliko tunavyofikiri, na kwa vyovyote nusu nyingine ya ukumbi wake si Wagiriama.

Kwamba asili ya mtu peke yake haimpi jibu, tuna mfano wake kilomita chache kutoka tulipoketi. James Kirkman alichimba magofu ya Gede kati ya 1948 na 1958, akafanya kazi kubwa ambayo kila mtafiti hadi leo anaitegemea. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita mji ule, tangu kwenye jalada, mji wa Waarabu. Alikuwa mtu makini, aliyeishi hapa miaka mingi, na hakuwa na shaka. Miaka ya 1980 Mark Horton, Mwingereza mwenzake, alichimba Shanga katika kisiwa cha Pate, akakuta misikiti ya miti iliyotangulia ya mawe mahali pale pale, na mji uliokua hatua kwa hatua kutoka katika maisha ya wenyeji wa Afrika. Chapurukha Kusimba, jina la magharibi ya Kenya na si la pwani, aliiendeleza hoja hiyo katika kitabu chake cha 1999 kuhusu miji ya Waswahili. Halafu mwaka 2023 Kusimba huyo huyo akawa miongoni mwa waliochapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya kale, ulioonyesha kwamba nasaba ya Kiafrika na ya Kiajemi zilichanganyika pwani tangu karibu mwaka 1000. Hadithi za wazee kuhusu mababu waliotoka Shirazi, kule Uajemi, ambazo wasomi walikuwa wamezisukuma kando, zikarudi mezani. Tazameni waliosahihisha: Mwingereza, Mkenya wa bara, na kikosi cha maabara. Asili yao haikuwapa jibu. Walikuwa na njia ya kujua wamekosea wapi, na Kusimba aliitumia hata dhidi ya hitimisho lililokuwa limekwisha kutulia.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote na halijibiwi kwa mbio. Nchi hii ilizika watu zaidi ya 1,100 katika ghasia za kikabila baada ya uchaguzi wa 2007. Mnamo 2 Aprili 2015, Garissa, washambuliaji waliingia chuo kikuu wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Mtu akisema baada ya hayo kwamba hataki kabisa kusikia habari za asili ya mwanafunzi darasani, kwamba mbele yake wote ni Wakenya basi, ana sababu, na namheshimu. Namjibu hivi. Kuna kujua asili ya mwanafunzi ili umweke kwenye kundi, na kuna kujua alichokuja nacho ili umfundishe. La kwanza linaanza na orodha ya majina na kuishia kwenye dhana: Wagiriama wako hivi, Wasomali wako vile. Mhadhiri aliyehudhuria warsha ya siku mbili akatoka na orodha ya sifa za makabila ana kujiamini kubaya kuliko kutojiamini kwa aliyebaki nyumbani. La pili halihitaji hata kuuliza kabila. Linauliza: umeshawahi kuona karata? umeshawahi kuona maji yakipwa? nieleze swali hili linataka nini. Majibu hayo hayatabashiriwa na jina la ukoo, na mara nyingi yatamshangaza anayedhani anajua.

Wapo watakaosema kwamba ninamvunja mhadhiri moyo, kwamba mwalimu mwenye shaka hulipoteza darasa. Mwaka 2002 Karl Wheatley aliandika makala akitetea faida za shaka kwa walimu: bila wasiwasi fulani kuhusu uwezo wake, mwalimu hana sababu ya kubadilika wala ya kumwomba mwenzake msaada. Nakubaliana naye, kwa sharti kwamba shaka ipewe pa kwenda. Shaka isiyo na njia ya kuijibu huwa unyonge, na mhadhiri mnyonge hukimbilia kusoma maelezo yaliyochapwa hadi kengele.

Mfano wa shaka iliyopewa njia uko hapo hapo Kilifi mjini, hospitalini badala ya chuoni. Mpango wa utafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Wellcome Trust ulianza Kilifi mwaka 1989. Wazazi walioombwa kuwaingiza watoto wao katika tafiti walielezwa na wafanyakazi wenye nia njema, kwa lugha wanazozijua, na wakatia saini. Mahali pengine pote hapo ndipo jambo lingeishia: tumeeleza, wamekubali. Lakini watafiti wa mpango wenyewe walirudi kuuliza. Mwaka 2004 Sassy Molyneux na wenzake walichapisha walichokikuta katika mifano mitatu ya pwani hii: uelewa ulitofautiana sana, na wazazi wengi hawakuwa wametenganisha utafiti na matibabu. Waliotoa maelezo hawakuwa wavivu wala wenye dharau. Waliamini wameeleweka. Kilichofuata hakikuwa kuwahimiza wajiamini zaidi, wala kuwalaumu. Taasisi ilijenga utaratibu, ikaweka idara ya mahusiano na jamii na wawakilishi wa wananchi ambao watafiti hujadiliana nao. Chuo Kikuu cha Pwani na mpango huo tayari vinashirikiana katika kuwafunza watafiti vijana. Sioni kwa nini somo hili moja lisivuke barabara.

Limebaki pingamizi la tumbo. Wahadhiri watasema: madarasa ni ya mamia, mishahara ina malimbikizo, na mwaka 2025, kuanzia Septemba hadi Novemba, tuligoma kwa ajili ya fedha za mkataba wa 2017 hadi 2021, sasa mnatuongezea tamaduni. Wana haki, na ndiyo maana sitaki jambo hili liwe sifa ya kudaiwa kutoka kwa mtu mmoja mmoja. Nadai kutoka kwa idara kazi inayowezekana hata katika ukumbi wa watu 300. Ichaguliwe kozi moja ya pamoja ya mwaka wa kwanza. Katika wiki ya tatu kila mwanafunzi aandike nusu ukurasa, kwa Kiingereza au Kiswahili, akieleza dhana moja iliyofundishwa na mfano kutoka anakotoka, bila jina na bila alama. Wahadhiri wawili watatu wasome pamoja karatasi 40 tu kati ya hizo, mchana mmoja, watafute wapi maelezo yamevunjika na kwa nini, kisha wiki ya nne irekebishwe kwa walichokiona. Wafanye hivyo tena wiki ya nane. Saa zao zihesabiwe katika mzigo wa kazi, na zitajwe wanapoombewa kupandishwa cheo, la sivyo zitafanywa na vijana wa mkataba peke yao. Mchana huo mmoja una chemchemi tatu za Bandura: kuona umefanikiwa au umeshindwa, kumwona mwenzako akifanya, na kuambiwa na unayemheshimu.

Baraza la chuo lina muda wa kujaribu, ila si mrefu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 Januari 2026. Watafika vyuo vikuu mwaka 2029, kutoka kila kaunti, wakiwa wamezoea kuulizwa wanaelewa nini na sio tu wanakumbuka nini. Wazazi wenye watoto kwenye kundi hilo, andikieni vyuo mnavyovitarajia na muulize swali lililo kwenye kichwa cha mhadhara huu, mtake jibu kwa maandishi.